Itaoshwa na maji gani?

Shikamoo Somo,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Shangani hapa Mtwara. Kazi yangu ni ya ofisini, na nina ekari nane za mikorosho upande wa Nanyamba nilizoachiwa na mama. Misimu miwili hii korosho haikuniangusha. Nimejibana, sikununua pikipiki, sikuongeza chumba, na sasa nina Sh 17,000,000 benki. Tangu nizaliwe sijawahi kuona tarakimu kama hizo mahali palipoandikwa jina langu.

Kuna rafiki yangu tuliyefanya naye kazi jengo moja miaka sita. Amehamishiwa Dodoma, anatakiwa aripoti mwisho wa mwezi ujao. Ana boti ya faiba ya futi 19, ina mashine ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya oili na petroli, ina usukani, turubai la kivuli na trela lake. Ni boti ya kutembelea, haijawahi kunuka samaki. Anataka Sh 14,000,000. Nimeipanda mara mbili. Mara ya pili tulikwenda mpaka Msimbati, tukatia nanga pale maji ya kijani yanapokutana na yale ya buluu iliyokolea, nikawaona wanangu wamekaa pale mbele wananing'iniza miguu, na siku hiyo hawakuwepo. Somo, tangu siku hiyo usingizi wangu si ule.

Nimejitahidi kuuliza gharama zake kwa mwaka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananiambia: "Boti ni petroli tu. Siku huna hela ya petroli huendi, na yenyewe haikudai kitu." Mwingine kaniambia huko nje watu huhesabu asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka. Asilimia 10 ya milioni 14 ni milioni 1.4, hiyo naiweza. Rafiki yangu mwenyewe nikimuuliza anasema "haizidi", kisha anaanza habari za Dodoma. Nimefikiria pia kuikodisha kwa wageni wanaokuja Mikindani, ijilipe yenyewe.

Mke wangu nilimweleza usiku mmoja baada ya kula. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Itaoshwa na maji gani?" Nilicheka, nikamwambia boti inakaa baharini, maji yamejaa tele. Hakucheka. Tangu siku hiyo nikiligusa jambo hilo, anainuka kwenda kupanga vyombo.

Kuna kingine kidogo. Rafiki yangu aliniambia yuko mtu wa Lindi anaitaka, nikampa laki tano ili asiiuze. Mke wangu hajui. Nilitaka nimwambie nikishakuwa na hesabu kamili mkononi.

Naomba hiyo hesabu, Somo. Kwa mwaka itanila kiasi gani? Na je, ninunue?

Baba Watatu, Shangani

*

Marahaba, Baba Watatu.

Nitaanza na swali la mkeo, kwa sababu katika watu wote uliozungumza nao ni yeye peke yake aliyeuliza gharama. Wengine walikuwa wanakupa moyo.

Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari yenyewe. Inayavuta kwa chini, yanazunguka ndani ya chuma, kisha yanatoka nyuma kwa mchirizi mwembamba ambao vijana wa pwani wanauita mkojo. Ukiizima, maji yanashuka lakini chumvi inabaki kwenye vinjia vya ndani. Jumapili ijayo inaongezeka nyingine, na nyingine, mpaka siku moja vinjia vinaziba, mashine inachemka, na fundi anakwambia kichwa kimekwisha. Dawa yake ni moja: kila mkirudi, mguu wa mashine unatumbukizwa kwenye pipa la maji baridi ya kisimani au ya bomba, mashine inawashwa na kunguruma dakika kumi. Pipa la lita 200 ni ndoo kumi. Ukimaliza, maji hayo yana chumvi na mafuta, huyafulii nguo wala huyamwagilii mchicha. Kisha kuna boti yenyewe, kamba, nanga, na magurudumu ya trela yaliyoingia baharini. Weka ndoo tano. Jumla ndoo 15, saa moja ya usiku, watoto wana mchanga mpaka masikioni na wao pia wanataka kuoga. Nani anachota? Mkeo alishaiona jioni hiyo wewe ukiwa bado unaangalia rangi za maji ya Msimbati.

Nasema haya kwa kuwa nimeyaishi. Marehemu mume wangu alikuwa na boti Mikindani, ndogo kuliko hiyo, mashine ya 25, na daftari la matumizi yake nililiandika mimi kwa miaka tisa. Ninalo mpaka leo, kaunta buku yenye jalada lililoliwa na mende. Nimelifungua kwa ajili yako. Ukurasa mmoja wa mwaka wa nne unasomeka hivi: kamba mita 20. Plagi mbili. Kamba. Mpira wa petroli na kile kibuyu chake cha kubonyeza. Nauli ya fundi. Kamba. Soda na mihogo ya wageni. Fundi tena, safari hii bila nauli, alikuja kwa miguu akiona aibu. Kamba. Sijui hizo kamba zilikuwa zinakwenda wapi. Petroli ipo, lakini haijazi ukurasa kama shemeji yako anavyodhani.

Kwa hiyo tumalizane kwanza na shemeji. Ametaja petroli akaona amemaliza, na hilo la kutokudai siku isiyokwenda ndilo kosa kubwa kuliko yote. Boti iliyosimama inadai. Ndani ya mashine kuna impela, kijigurudumu cha mpira kinachovuta yale maji ya kupozea. Mpira huo unakakamaa na kupasuka hata usipotembea, pengine zaidi usipotembea. Petroli iliyochanganywa na oili ikilala miezi kwenye kabureta inageuka gundi. Mvua inajaza boti, maji yanakaa, yanatafuta ufa wa kuingia kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine. Turubai linaliwa na jua. Beringi za trela zikishaonja maji ya chumvi zinashika kutu kimyakimya, na utaligundua hilo siku unayolihitaji.

Sisi tuligundua Aprili 2019. Tangazo la kimbunga Kenneth lilipotoka, watu wa mabondeni wakaambiwa wapande sehemu za juu, mume wangu akakimbilia trela. Tairi moja bapa, gurudumu la pili limeshikana halizunguki. Boti ya faiba iliburuzwa juu ya mchanga na vijana 11, kila mmoja na chake mkononi, na kwa haraka ile hakuna aliyeuliza bei. Kimbunga chenyewe kilishukia Cabo Delgado tarehe 25, ng'ambo ya Ruvuma, sisi tukapona. Chini ya boti palibaki mkwaruzo wa urefu wa mkono, na kuuziba tulilipa zaidi ya ambavyo tungelipa kwa beringi mbili na kopo la grisi.

Hiyo asilimia 10 sasa. Ni kweli watu wenye boti huko nje huitumia, na kwa boti mpya inakupa picha. Kwa boti iliyotumika inakudanganya. Mashine haijui umeinunua kwa bei gani. Rafiki yako angekuuzia kwa milioni 7, je, ingekunywa nusu ya petroli? Impela ingeuzwa nusu bei? Tena boti ya bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu kuna kitu kinachokaribia kufa ndani yake. Asilimia ikipigwa kwenye bei ndogo inatoa namba ndogo, nawe unafurahi bure.

Tufanye hesabu ya kwetu, na tuanze na kalenda kabla ya pesa. Chukua ile ya ukutani. Mwaka una Jumapili 52. Futa Juni, Julai na Agosti: kusi likishika, hiyo njia ya kwenda Msimbati utapigwa na mawimbi kwenda na kurudi, watoto watatapika, mkeo hatarudia. Zimekwenda 13. Futa Jumapili 8 za mvua kubwa. Futa 7 za misiba, harusi, watoto wa ndugu wanaotoka jandoni na unyagoni, na vikao vya shule. Wewe ni mtu wa Mtwara, usiniambie utasema uko baharini. Futa 5 za palizi na kuokota korosho, maana korosho hiyo ndiyo inayotaka kununua boti. Kisha kuna bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya kwetu yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu saa nne asubuhi, mkiwa mmeshabeba vikapu, bahari imekwenda zake na mbele yenu ni tope na mwani. Huwezi kushusha boti ya futi 19 na trela hapo. Futa 3 tu, kwa huruma. Zimebaki 16.

Daftari langu linasema mume wangu, aliyekaa hatua 200 kutoka ufukweni na aliyeipenda bahari kuliko ugali, mwaka wake mzuri alitoka mara 19, mwaka mbaya mara 6. Wewe una kazi ya ofisini. Tuifanyie hesabu 16, kisha tuifanyie 6.

Safari moja ya Msimbati, kwenda, kurudi, na kuzungushazungusha watoto, weka saa tatu za mashine. Mashine ya 40 ya aina hiyo ukiibana mpaka mwisho hupita lita 15 kwa saa. Ukiendesha kwa akili, weka 13. Hiyo ni kama lita 40. Bei ya petroli EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za mafuta, huitangaza kila mwezi na Mtwara ina bei yake, lakini tuchukue Sh 3,000 kwa lita ili tusichoke: 120,000. Oili ya 2T, kwa kipimo cha lita moja kwa petroli 50, itakwenda karibu lita nzima. Tuiweke 12,000. Gari lako hukulitaja. Kama ni vile vigari vidogo tunavyoviona Shangani, hakivuti boti hiyo, labda kivutwe nayo. Utakodi pikapu yenye nguvu kuipeleka majini na kuirudisha, 30,000 kwa bei ya kujuana. Na kwa mwaka wa kwanza usitoke bila kijana anayejua miamba na mikondo, 25,000 na chakula chake. Jumla kwa safari ni 187,000. Sijaweka kiingilio, na Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba la Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ada na masharti yake. Sijaweka mihogo ya shemeji, na atakuja, usiwe na shaka.

Hayo ni ya kutembea. Ya kusimama ni haya. Sevisi mbili kwa mwaka, maana oili ya gia ya chini hubadilishwa kila saa 100 au kila miezi sita, kitakachotangulia kufika, pamoja na plagi, impela, chujio, grisi na kile kipande cha zinki kinacholiwa na chumvi badala ya mashine: weka 450,000 na ufundi wake. Ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), karatasi, na vifaa vya uokozi vinavyokufa au kuazimwa visirudi, 250,000. Faiba, trela, turubai, betri na kamba (hasa kamba), 400,000. Kisha fungu ambalo hakuna anayeliweka: mashine itakufa. Hiyo uliyoiona ina umri, na hukuniambia ni miaka mingapi, nadhani kwa sababu hukuambiwa. Tuseme nyingine iliyotumika lakini nzima utaipata kwa milioni 4, na hii itakuvusha miaka mitano. Ni 800,000 kila mwaka za kuweka pembeni.

Ya kusimama peke yake ni 1,900,000. Hapo hujalowesha hata kidole.

Ukitoka mara 16, ongeza 2,992,000. Mwaka umekula 4,892,000, na kila Jumapili moja imekugharimu kama 306,000. Ukitoka mara 6 mwaka mzima unashuka mpaka 3,022,000, unaweza kudhani umeokoa, lakini kila safari sasa ni zaidi ya laki tano. Bei hizo za kwangu zisahihishe kwa za madukani na za mafundi wako, nyingine zitapanda na nyingine zitashuka. Umbo lake halitabadilika: kadiri unavyotoka kidogo, ndivyo kila kutoka kunavyokuwa ghali.

Sasa teremka mpaka kwenye kivuko cha Msangamkuu, au nenda Mikindani, uulize kijana mwenye boti nzuri atawapeleka Msimbati siku nzima kwa kiasi gani, petroli yake, uchovu wake, na pipa la maji kwake. Hata akikutajia 200,000, safari sita ni 1,200,000. Milioni 17 zako zinabaki benki zikiwa 15.8, na usiku ule mkeo anaoga kwa maji yake.

La wageni wa Mikindani liache. Wageni wapo ndiyo, ila wachache, na wanapokuja wengi kutafuta nyangumi wanaopita hapa Agosti na Septemba, ndipo kusi bado halijatulia. Juu ya hapo, boti ya kutembeza familia na boti ya kubeba mtu aliyelipa si kitu kimoja mbele ya sheria. Ukaguzi wake mwingine, leseni yake nyingine, nahodha lazima awe na cheti chake, na mgeni akivunjika mguu wakati wa kuruka ngazi utajua kwa nini wenzako wanakata bima. Hiyo ni biashara. Hukuniandikia kwamba unataka biashara, umeniandikia kwamba unataka kuona miguu ya wanao inaning'inia.

Tuje kwenye laki tano. Uliiita jambo dogo ukaliweka mwisho, kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule siku ya kufungua. Mwambie leo. Usingoje hesabu kamili, maana hesabu ndiyo hiyo hapo juu na nusu yake yeye alikuwa nayo tayari. Usianze na boti wala na mtu wa Lindi. Anza na: "Nilitoa pesa bila kukwambia." Kisha nyamaza. Atapanga vyombo. Mpe vile vya mbali, umsaidie. Baadaye mwambie kwamba ulicheka swali ambalo lilikuwa na majibu ya milioni karibu tano.

Na huyo mtu wa Lindi, mwanangu, kila anayeuza kitu ana mtu wa Lindi. Walioko Lindi wanaambiwa kuna mtu wa Mtwara. Tazama mambo yalivyo: rafiki yako anakwenda Dodoma, na boti haiendi Dodoma. Mwisho wa mwezi ujao atakuwa na faiba ya futi 19 nyuma ya nyumba ya kupanga ambayo kodi yake inaisha. Mwenye haraka ni yeye. Wewe huna haraka yoyote isipokuwa ile aliyokupa. Nenda kwake kwa heshima, mwambie nyumbani hamjakubaliana, na muombe moja kati ya mawili: akurudishie laki tano, au ageuze iwe kodi, akuachie boti mpaka mwisho wa Machi ukiitunza na kuipeleka mara kadhaa, kisha ndipo mzungumze bei. Kwake ni afadhali kuliko kuiacha chini ya mwembe. Kwako ni msimu mzima wa kaskazi wa kujua kama ni upendo au ni Msimbati tu ya siku ile. Akikataa yote mawili, umenunua elimu kwa laki tano, na nimeona watu wakiinunua kwa kumi na nne milioni.

Akikubali kukuachia, andikishaneni kwenye karatasi, mbele ya mtu: nani analipa mashine ikifa mikononi mwako? Hilo msiliache kwenye urafiki. Na siku ya kuichukua, fika asubuhi kabla hajaipasha moto. Mashine mbovu nyingi huwaka vizuri zikiwa za moto. Iwashe mwenyewe ikiwa ya baridi, hesabu umevuta mara ngapi, angalia ule mkojo unatoka kwa nguvu. Gonga kwa kifundo cha kidole ule ubao wa nyuma unaoshika mashine, kushoto kwenda kulia. Penye sauti ya kopo au ya mkate uliolowa, ubao umeoza ndani ya faiba. Fungua skrubu ya oili ya gia kidogo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Soma namba ya mashine kwenye chuma na ulinganishe na karatasi, kisha uende nayo TASAC kabla ya pesa nyingine yoyote kutoka.

Uliuliza ununue au usinunue. Kwa milioni 14 kutoka kwenye 17, usinunue. Januari ina ada za watoto watatu, na impela haijali kwamba ni Januari. Siku ukiwa na bei ya boti, na kando yake milioni 5 za mwaka wa kwanza ambazo si za ada wala za salfa ya mikorosho, njoo tuongee tena, sitakukataza. Nami ningekusukuma kwenye ndogo: futi 14 au 15, mashine ya 15, ambayo hata ukiibana inakunywa chini ya nusu ya ile. Haitakupeleka Msimbati, lakini ndani ya ghuba kuna Msangamkuu, kuna Mikindani, kuna maji ya kutosha kuning'iniza miguu, na mashine yake watu wawili mnaibeba mkaiingiza ndani usiku. Mashine ya 40 ina kilo karibu sabini. Utailaza nje, na utalala nje nayo.

Shemeji akikushauri mnunue kwa kuchanga watu watatu, mshukuru. Boti ya watu watatu hupandwa na watatu na kuoshwa na mmoja, na nyumba inayokaa karibu zaidi na bahari ni ya kwako.

Mkikodi ya kijana wa Msangamkuu Jumapili hizi za kaskazi, mwambie mapema kama mmoja wa watoto ni mdogo. Jaketi za kujiokolea anazo, lakini nyingi ni za watu wazima, na mtoto huchomoka kwa chini kama samaki. Za watoto nunua zako mwenyewe, uzioshe kwa maji baridi mkirudi. Hizo zinatosha ndoo moja.

Somo